Gari Moja, Ndiyo Mbili

Zahanati ya Misheni,
Nyakakika, Karagwe.
3 Februari 2025

Mwanangu Kokuberwa,

Hujambo huko Bukoba? Ni mimi Prudensia, yule nesi wa Nyakakika aliyekuuliza maswali siku ya mafunzo mpaka ukaishia kucheka. Ulituambia tukiona tatizo tukuandikie wewe mwenyewe, maana kwenye kundi la simu bosi wako Protase yumo, na watu wakijua bosi yumo wanaweka vidole gumba tu. Basi naandika kwa mkono. Kondakta wa basi ataileta ofisini kwenu.

Waitu, jamani, mashine yenu imetufunga.

Unajua tulivyo. Zahanati tatu, sisi, Igurwa na wenzetu wa Songambele kule Kyerwa, na gari la wagonjwa ni moja. Zamani tulikuwa tunampigia dereva, Niyomugabo, tukigombana nani ameanza. Mkatuletea hii programu: unabonyeza, unajaza, simu inakujibu "Gari linakuja." Tukashangilia.

Ijumaa nililetewa mtoto wa degedege. Nikabonyeza. Simu ikasema: "Subiri. Kuna mwenzako anaomba gari." Nikasubiri. Nikabonyeza tena, maneno ni yale yale. Nikampigia Niyomugabo nikidhani yuko njiani kwa wengine. Ananiambia, "Mama, niko hapa hospitali nimeegemea gari. Simu yangu nyeupe, hakuna aliyeniita." Na amri ni kwamba haondoki bila simu kumwambia.

Unajua nani alikuwa anaomba gari? Hakuna. Nesi wa Igurwa alifungua fomu, mtandao ukamkatikia, mgonjwa wake akapata nafuu, akaweka simu mkobani akaenda zake kibanjani, kwenye migomba yake. Sisi wote tukabaki tumefungiwa nje.

Mtoto alikwenda kwa bodaboda, mama yake nyuma amemkumbatia, kwenye ile barabara. Amepona, Mungu ni mwema. Lakini naambiwa hicho kitu kinaitwa kufuli na umekiweka wewe. Kiondoe.

Wako,
Prudensia


Bukoba,
7 Februari 2025

Mama Prudensia,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa chini, nikaisoma tena. Pole sana. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto.

Nikueleze kufuli lile ni la nini. Programu yetu haimsikilizi mtu mmoja mpaka amalize ndipo imgeukie mwingine. Inawasikiliza wote kwa pamoja, kila ombi likienda njia yake. Ombi lako linauliza: gari lipo? Likijibiwa lipo, linakwenda kwanza kupima barabara, kisha linarudi kuandika kwamba gari limechukuliwa. Hapo katikati kuna sekunde chache. Ombi la Songambele likiuliza ndani ya sekunde hizo, nalo linajibiwa lipo. Kwa hiyo nikaweka kufuli: anayetangulia anafunga mlango, mwingine anangoja nje mpaka yule aandike na kutoka.

Nilipokosea ni mahali pa kulifunga. Linafungwa mapema mno, nesi anapofungua tu fomu, na akipotea hewani ufunguo anabaki nao yeye. Linatakiwa kufungwa kwa kitambo kifupi tu, huku kwetu, na kujifungua lenyewe mtu akipotea. Si kazi ngumu, ila inataka kujaribiwa vizuri. Nipe wiki mbili.

Nakuomba usikasirike na kufuli lenyewe. Bila hilo tungekuwa pabaya zaidi.

Mwanao,
Kokuberwa


Nyakakika,
12 Februari 2025

Kokuberwa,

Leo tena. Safari hii aliyetufungia ni mimi mwenyewe. Mtandao ulinikatikia katikati ya fomu, na Placida wa Songambele akahangaika na mgonjwa wake wa nimonia mpaka akaazima gari la mtu wa kahawa. Alinipigia kunitukana, na ana haki.

Wageni wa shirika lililolipia hizi simu wanakuja wiki ijayo kukagua. Wakikuta simu zimeganda zitarudishwa kwenye maboksi, na sisi tutarudi kwenye kugombana. Wewe unasema wiki mbili. Wagonjwa hawana wiki mbili. Pabaya zaidi ya hapa ni wapi, mwanangu?

Prudensia


Bukoba,
17 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Tatizo limekwisha. Kuanzia leo simu haitakwama tena. Samahani kwa usumbufu wote.

Kokuberwa


Nyakakika,
9 Machi 2025

Mwanangu mpendwa,

Nakuletea mkungu mdogo wa ndizi kwa mkono wa kondakta. Mwambie nimezihesabu, asijaribu kuchomoa.

Tangu ulipotengeneza hatujakwama hata siku moja. Wageni wa shirika walikuja, wakabonyeza, gari likaja, wakapiga picha. Bosi wako alikuwa anatembea kama bwana harusi. Juzi tu Niyomugabo amempeleka mzee wetu mmoja aliyeng'atwa na nyoka, akarudi kunywa chai hapa. Anasema tangu simu ianze kusema naye amepumzika na kelele za wanawake watatu. Nikamwambia kelele za wanawake ndizo zilizomweka mjini. Alicheka. Ni kijana mzuri. Wazazi wake walitoka Burundi, lakini yeye amezaliwa hapo Songambele, na Kinyambo chake ni kizuri kuliko cha watoto wangu.

Mvua zimeanza. Ukipata nafasi njoo ututembelee. Mbona barua yako ya mwisho ilikuwa fupi vile? Au nilikukaripia sana?

Wako,
Prudensia


Nyakakika,
30 Machi 2025

Kokuberwa,

Sijui nianzie wapi.

Jumatano alikuja kujifungua Nikuze, mke wa Twizeyimana. Ni watu wa hapa juu, wanalima vibarua kwenye mashamba ya watu, wamepanga nyumba karibu na kanisa. Alijifungua mchana, mtoto wa kiume, analia vizuri. Kisha damu ikaanza, na haikukatika. Nilimpa sindano, nikafanya yote niliyofundishwa. Nikabonyeza simu.

Mvua ilikuwa inanyesha na mnara ulikuwa umezimika. Simu ikazunguka tu. Nikamwambia Twizeyimana atafute gari lolote. Akakimbia barabarani, akasimamisha Fuso la ndizi, dereva akakubali, akaligeuza mpaka mlangoni kwetu. Wakati huo huo mnara ukarudi, na simu ikalia: "Gari linakuja. Dereva ameshaarifiwa."

Kokuberwa, nililiruhusu lile Fuso liende. Niliona, nitamwekaje mwanamke anayevuja damu juu ya ndizi, wakati gari lenye kitanda na dripu liko njiani? Nikamwambia yule dereva, "Asante, nenda, letu linakuja."

Halikuja. Nikampigia Niyomugabo, hapatikani. Kule bondeni hakuna mtandao. Twizeyimana alisimama getini na mvua yake, kila mara anageuka kunitazama. Mimi namwambia linakuja. Nikuze mwenyewe aliniuliza, "Limefika wapi?" Nikamwambia limekaribia. Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia mwanamke yule.

Niyomugabo alifika jioni. Alikuwa amekwenda Songambele, amembeba bibi mmoja mgonjwa wa kifua mpaka hospitali, ndipo akasikia habari zetu akaja. Watu walimtoa ndani ya gari. Polisi wakamchukua ili wasimmalize, na sasa wamemshika kweli: uzembe uliosababisha kifo. Wanasema aliarifiwa akachagua kwenda kwao.

Mimi nimeandikisha maelezo. Nimesema simu iliniambia dereva ameshaarifiwa, na huo ni ukweli. Wakaniuliza kwao ni wapi. Nikasema Songambele. Na huo nao ni ukweli.

Yule niliyekuwa namwekea chai. Kama alituacha kwa sababu ya watu wa kwao, Mungu amsamehe, mimi bado.

Prudensia


Bukoba,
3 Aprili 2025

Mama Prudensia,

Shikamoo, na poleni sana. Nimekuwa nikikaa na barua yako siku nzima.

Naomba uniambie mambo machache. Placida naye aliomba gari wakati mnara umezimika, au kabla? Simu yake ilimjibu nini, na ilimjibu lini, mnara uliporudi au baadaye? Simu ya Niyomugabo iko wapi sasa?

Tafadhali usiongeze neno lolote kwenye maelezo yako polisi mpaka nikuandikie tena.

Kokuberwa


Mahabusu,
6 Aprili 2025

Kwako dada Kokuberwa,

Salamu. Mimi ni Niyomugabo, dereva uliyepanda naye siku ile mnapima barabara, ukaniambia nipunguze mwendo kwenye kona za Igurwa. Barua hii ameitoa mke wangu Nyirabageni.

Mimi sijui maneno ya kompyuta. Najua nilichoona. Siku ile nilikuwa kwenye gari, mvua inanyesha, simu ikalia. Nikaitazama. Imeandikwa Songambele, mgonjwa wa kifua, haraka. Nyakakika haikuwepo. Ningeiona ningeanza na Nyakakika, ndiyo iliyo karibu. Mpelelezi ananiambia kwenye mashine ya kampuni imeandikwa kwamba niliarifiwa Nyakakika. Ananiuliza, "Mashine inadanganya ili iweje?"

Humu ndani wananiita muuaji wa akina mama wazazi. Mke wangu alikwenda kisimani, wenzake wakanyanyua ndoo wakaondoka. Mama Prudensia sijamlaumu, alisema alichokiona. Lakini na mimi nasema nilichokiona.

Nina swali moja. Je, inawezekana mashine imwambie mtu mmoja hili na mwingine lile, kwa wakati mmoja? Kama haiwezekani niambie, niache kuwachosha watu. Kama inawezekana, mwambie mtu.

Niyomugabo


Bukoba,
11 Aprili 2025

Mama Prudensia,

Shikamoo. Hii barua isome peke yako kwanza.

Niyomugabo anasema kweli. Hakuona jina la Nyakakika kwa sababu lilikuwa limefutwa na la Songambele kabla simu yake haijalia.

Nilikuandikia mwezi wa pili kwamba tatizo limekwisha. Sikukuambia limekwishaje. Nilikuwa nimeanza kulitengeneza kufuli lijifungue lenyewe. Protase akaja akasimama nyuma ya kiti changu, akasema wageni wa shirika wanakuja, hataki habari za kujaribu, litolewe. Nikamwambia bila kufuli gari moja linaweza kupewa watu wawili. Akasema, "Ndani ya sekunde tano? Huko vijijini nani atabonyeza ndani ya sekunde tano na mwenzake?" Nikalitoa lote. Yeye aliamuru, ila mkono ulikuwa wangu.

Alichosahau yeye, na mimi nikakisahau, ni mnara. Mnara ukizimika, maombi hayapotei. Yanangoja ndani ya simu zenu. Ukirudi, yanaingia yote kwa pamoja kama watu waliokuwa wanasubiri mlango ufunguliwe. Lako liliuliza, gari lipo. La Placida likauliza, gari lipo. Lako likaandika Nyakakika. La Placida likaandika Songambele juu yake. Wote wawili mkajibiwa ndiyo, na majibu hayo ndiyo mpelelezi aliyoyakuta kwenye mashine. Dereva akaonyeshwa lililoandikwa mwisho.

Nilijua tangu niliposoma barua yako ya tarehe thelathini. Nilikuuliza yale maswali nikiomba jibu liwe tofauti.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linalonisumbua zaidi. Protase naye amefahamu. Ameniagiza nirudishe kufuli kimya kimya, wiki hii, na nisimwambie mtu. Nikilirudisha, hakuna atakayeweza kuonyeshwa kosa. Mpelelezi atabonyeza simu mara mia na mara zote itajibu sawasawa. Ninayo nakala ya programu ilivyo sasa, lakini Protase atasema nimeichezea mwenyewe. Nisipolirudisha, kesho mnara unaweza kuzimika tena na mwingine akafa.

Nimemwambia bado nalijaribu. Anaamini mpaka Ijumaa ya tarehe ishirini na tano. Mpaka siku hiyo, nakusihi, msiiamini simu. Ikisema gari linakuja, mpigie Placida, mpigie na wa Igurwa, msikie kwa masikio yenu nani ameliomba. Kisha mpigie dereva mpya akwambie kwa mdomo wake anakwenda wapi.

Kwenye karatasi ya pili nimeandika namna ya kumwonyesha mpelelezi. Mtafanya wewe na Placida. Mimi siwezi kuja. Nikionekana huko nitafukuzwa siku hiyo hiyo, na nyumbani Muleba wananitegemea mimi.

Kokuberwa


Nyakakika,
15 Aprili 2025

Kokuberwa,

Nilisoma peke yangu kama ulivyosema. Kisha nikaenda kufua mashuka ambayo yalikuwa yameshafuliwa.

Nimekasirika nawe sana. Uliniacha nikamchukia mtu asiye na kosa. Kila Jumapili nimeingia kanisani na chuki ile, na wewe unaniuliza simu yake iko wapi.

Na sitajifanya kwamba barua ya tarehe kumi na mbili Februari aliiandika mtu mwingine. Nimekumbuka kila neno. Wewe ulisema bila kufuli tungekuwa pabaya zaidi, mimi nikakuuliza pabaya ni wapi. Sasa najua ni wapi. Ni pale getini.

Placida amekuja kwa pikipiki. Nilipomsomea akasema, "Kwa hiyo yule bibi wangu wa kifua alipona kwa gari la Nikuze." Nilimkataza kusema hivyo. Amerudia tena wakati wa kuondoka.

Tunapigiana kwa sauti kama ulivyoagiza. Lakini unajua kwamba kila siku unayoliacha hilo shimo wazi unacheza na watu wangu. Nakuelewa kwa nini. Sikupongezi.

Nimekwenda na karatasi yako kwa mpelelezi. Aliisoma yote, mtu mpole tu, kisha akanirudishia. "Mama," ananiambia, "barua hii nikiiuliza swali itanijibu? Wakili wa kampuni atasema nesi na nesi mwenzake wamepanga. Aliyeitengeneza aje aseme mwenyewe."

Muleba wanakutegemea, sawa. Nyirabageni naye ana anayemtegemea, yuko mahabusu. Alhamisi ya tarehe ishirini na nne, asubuhi. Njoo.

Prudensia


Bukoba,
19 Aprili 2025

Mama,

Nitakuja.

Kokuberwa


Nyakakika,
25 Aprili 2025

Kwako Niyomugabo,

Amani ya Bwana. Nyirabageni atakuletea barua hii. Mpelelezi amesema utaelezwa rasmi wiki ijayo, lakini nimeona si haki ukae siku hizo bila kujua.

Jana tulikutana kituoni: mpelelezi, mjumbe wa shirika, Placida, mimi, na Kokuberwa aliyetoka Bukoba na basi la kwanza. Protase naye alikuja na wakili wake. Sijui nani aliwaambia. Alimsalimia Kokuberwa kwa upole kabisa, "Hujambo binti yangu," na yule mtoto akaikumbatia kompyuta yake.

Kokuberwa akaeleza. Wakili akasema hayo ni maneno ya mfanyakazi mwenye kinyongo. Mpelelezi akasema, "Basi tuone."

Tukaweka simu mbili mezani, yangu na ya Placida. Dereva mpya tulimwacha nje na ile ya gari, na nesi wa Igurwa tulimwambia asibonyeze kitu. Tukazima mtandao, kama mnara umekufa. Mimi nikaomba gari la Nyakakika, Placida la Songambele. Zikazunguka. Kokuberwa akahesabu, tukawasha pamoja. Yangu ikasema gari linakuja. Ya Placida ikasema, "Gari halipo."

Protase akaegemea kiti. Wakili akaanza kukusanya karatasi. Nikamtazama Kokuberwa, uso umemkauka. Akasema kwa sauti ndogo, "Haitokei kila mara. Ndiyo maana hatukuliona mapema. Naomba turudie."

Mpelelezi akasema turudie. Tukafuta, tukazima, tukaomba, tukawasha. Simu yangu ikalia. Ya Placida ikalia juu yake. Mpelelezi akazichukua zote mbili akazisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine, kama mwalimu anayesoma majina. "Nyakakika, gari linakuja, dereva ameshaarifiwa. Songambele, gari linakuja, dereva ameshaarifiwa." Akatoka nje mwenyewe akarudi na simu ya dereva. Ilikuwa na jina moja tu, Songambele.

Mjumbe wa shirika aliinamisha kichwa. Mimi nililia, sitaficha, kwa sababu maneno yalikuwa yale yale niliyomsomea Nikuze.

Kokuberwa aliomba ruhusa, akafungua kompyuta yake pale pale kituoni, akafunga lile shimo. Kufuli alikuwa amekwisha kulitengeneza, alikuwa anaingojea saa hiyo. Akatuambia tujaribu. Tulijaribu mpaka Placida akachoka. Haikutoa ndiyo mbili tena. Ndipo Protase akamwambia asirudi kazini.

Niyomugabo, mimi niliwaambia kwao ni Songambele. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka wasikie. Nimekwenda kwa mpelelezi nikaongeza kwenye maelezo yangu kwamba nilisema hivyo kwa hasira. Sikuombi lolote. Nimeona ulijue kutoka kwangu.

Prudensia


Songambele, Kyerwa.
14 Mei 2025

Dada Kokuberwa,

Nimetoka. Nimekaa nyumbani siku hizi napalilia migomba, mikono imesahau jembe.

Uliandika kuniomba radhi. Nimesoma. Nilimwambia Nyirabageni akusomee jibu langu kwenye simu, akasema jibu la barua ni barua. Kwa hiyo: ulichelewa. Ulipojua hukusema, na mimi nililala pale. Lakini ulikuja, na ulijua utapoteza kazi. Nayaweka yote mawili, siwezi kutoa moja.

Shirika limeniita nirudi kwenye gari. Nimekataa. Siku walipokuwa wananivuta, mmoja alikuwa mtu wa Nyakakika niliyempelekea mtoto hospitali. Siwezi tena kusubiri simu iniambie nani afe. Rafiki yangu ana Probox ya abiria ya kwenda Omurushaka, ameniambia niiendeshe. Abiria wa sokoni hawafi njiani.

Umenijibu swali langu. Asante kwa hilo.

Niyomugabo


Muleba,
2 Juni 2025

Mama Prudensia,

Shikamoo. Niko nyumbani. Mama hanisemi, lakini anapika kama anayesubiri nimwambie naondoka lini. Nimeomba kazi Mwanza, sijajibiwa; sijui kama Protase amewapigia.

Nakuandikia kwa ajili ya jambo moja. Usiku, samahani, hata mchana, najiuliza kama nililifunga sawasawa. Pale kituoni nilifanya haraka. Je, simu zinafanyaje? Na Twizeyimana, na mtoto?

Kokuberwa


Nyakakika,
20 Juni 2025

Mwanangu Kokuberwa,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nikujibu kwa kitu nilichokiona.

Twizeyimana anamleta mtoto kliniki kila mwezi. Dada yake ndiye anayemlea, anamnywesha maziwa ya kopo tunayompa hapa. Ana uzito mzuri. Nilimweleza baba yake habari ya mashine, polepole, kama ulivyonieleza mimi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Kwa hiyo hakuna aliyekataa kumchukua mke wangu?" Nikasema hakuna. Akamfunika mtoto, akasema, "Afadhali angekuwepo aliyekataa." Kisha akaondoka.

Sasa kuhusu simu. Jumanne alikuja hapa msichana wa uzazi wa kwanza, mtoto amelala vibaya, ameanza kuchoka. Mnara ulikuwa unazimika na kuwaka. Nikabonyeza, ikazunguka. Mtandao ukarudi, simu ikaniambia: "Gari limechukuliwa na Songambele. Tafuta njia nyingine sasa."

Kokuberwa, sijapata kufikiri kwamba nitafurahi kuambiwa hapana. Sikungoja hata dakika. Nilikuwa na mama mkwe wake analia mlangoni, nikamwambia usilie, hatulisubiri gari, tunatafuta jingine.

Nikapiga simu kwa kila mtu mwenye magurudumu. Wa kwanza yuko Kayanga. Wa pili gari bovu. Wa tatu nilimpigia Niyomugabo. Nilisita, kidole kikiwa juu ya jina lake. Tangu atoke hatujasemezana. Alipokea. Nikamwambia, "Ni Prudensia. Nina mzazi." Nyuma yake nasikia abiria wanapiga kelele za nauli. Nikasema, "Gari la hospitali limekwenda kwenu." Akasema, "Wanashuka," na simu ikakatika.

Sikuelewa alikuwa amesema nini mpaka nilipoiona Probox inapanda mlima peke yake, haina mtu. Amewashusha wote barabarani na mizigo yao. Alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akalaza viti, akatandika kanga ambayo nadhani ni ya Nyirabageni. Hakunisalimia na mimi sikumdai salamu. Aliniuliza tu, "Nani anakwenda naye?" Nikasema mimi.

Amezaa kwa upasuaji, mtoto wa kike. Wa Songambele naye alifika salama na gari la wagonjwa. Tulimkuta Placida kwenye korido, tukashikana mikono.

Nilipotoka nje kumshukuru, Niyomugabo alikuwa ameshaondoka kuwafuata abiria wake.

Umelifunga sawasawa. Lala.

Wako,
Prudensia